Neno Ulilokwaruza Ndani ya Kava

Roret, Jumapili, mwezi wa kumi na moja, saa tisa mchana. Ni miaka miwili na miezi mitatu tangu nitoke mara ya mwisho kwetu Vihiga, huko mlikonipatia jina, na miezi minne tangu uondoke wewe.

Fundi,

Watu huanza barua kwa kumuuliza mtu kama yu mzima. Kwako siwezi. Nilishika kamba moja kati ya zile nne tulizokushushia, na nikabaki pale mpaka udongo ukajaa. Kwa hiyo naanza na jambo lenyewe.

Nilikushuku. Kwa wiki tatu niliamini kwamba ulikuwa mwizi. Kila asubuhi nilikunywa chai ya mke wako kwenye kikombe changu cha bati nikiamini hivyo, na sikumwambia mtu.

Ni habari ya pikapu ya Momanyi. Yule wa Chepilat anayebeba majani chai ya wakulima kutoka vituoni hadi kiwandani, anayevaa koti hata jua likiwaka, anayesema "rori" badala ya lori. Mwezi wa nne ulimbadilishia cheni ya taimingi. Mwezi uliopita akarudi. Aliliacha gari kwetu jioni, akasema, "Lisikilizeni asubuhi likiwa baridi. Halafu mniambie kama hiyo ni cheni mpya."

Asubuhi Wesley akawasha. Unajua sasa ni mdogo wako anayeendesha gereji. Sijui kama ndivyo ulivyotaka, hakuna aliyeuliza. Akawasha, na injini ikapiga kra-kra-kra kama mawe ndani ya mkebe, sekunde nne au tano, halafu oili ikapanda na kelele ikanyamaza. Nilichukua bisibisi ndefu, ncha kwenye kava, mpini kwenye sikio, vile ulivyokuwa ukifanya.

"Vihiga anapiga simu," Wesley akasema. "Wanasemaje huko ndani?"

Nilikuwa nimeshajua. Gari lina kilomita laki nne na zaidi, na gari la umri huo, wewe ulisema, ni kama mzee wa kanisa, lazima likohoe kwanza ndiyo liimbe. Lakini hicho hakikuwa kikohozi. Cheni ilikuwa imelegea na inapiga ukuta.

Nikafungua. Nilifuata ule mpango ulionifanya nikariri: betri kwanza, maji, oili, feni, mkanda, puli, kava mwisho. Oili ilipotoka ilikuja na vipande vyeusi vya plastiki, vidogo kama kucha za mtoto. Nikaviweka kwenye kitambaa. Wakati huo Momanyi alikuwa amefika, amesimama nyuma yangu na koti lake, na pumzi yake naisikia kwenye shingo.

Kava ilipotoka, nikaona. Cheni ilikuwa mpya, ile uliyoitia wewe, bado rangi ya zile pete za alama inaonekana kidogo. Lakini gaidi zote mbili, zile plastiki zinazoiongoza cheni isiyumbe, zilikuwa kuukuu. Moja imeliwa mpaka chuma. Ya pili imevunjika katikati. Na tenshena ya kuikaza cheni ilikuwa ile ile ya zamani. Niliibonyeza kwa kidole gumba ikaingia kama tunda lililooza.

Mwezi wa nne Momanyi alileta boksi zima. Nililiona kwa macho yangu. Cheni, gia, gaidi mbili, tenshena, vyote vipya, vimefungwa kwa nailoni. Sasa cheni na gia zimo. Zile nyingine ziko wapi?

Momanyi hakuuliza hilo mara moja. Aliokota kava, akaipangusa ndani kwa kitambaa changu, akaigeuza kwenye mwanga. Wewe ulikuwa na desturi ya kukwaruza ndani ya kila kitu unachofunga, ili atakayefungua ajue. Mimi nilizoea kuona namba tu, kilomita na mwezi. Safari hii chini ya namba kulikuwa na maneno, kwa herufi kubwa:

PATO TENSHENA NA GAITI

"Gaiti ndiyo nini?" Momanyi akauliza.

"Gaidi," Wesley akasema. "Alitaka kuandika gaidi."

Momanyi akacheka kidogo. "Gaidi kweli." Halafu kidole chake kikarudi nyuma kwenye neno la kwanza, akalisoma polepole. "Pato. Pato, tenshena na gaidi." Akamtazama Wesley, akanitazama mimi. "Kumbe ndugu yenu alikuwa anaandika mapato yake ndani ya gari yangu."

"Marehemu hasemwi hivyo, mzee," Wesley akasema.

"Mimi nimesema nini? Si yeye ameandika?"

Fundi, mimi nilikuwa nimepiga magoti hapo na spana mkononi, na sikusema kitu. Ningeweza kusema, huyu mtu alinitoa shambani wakati mashine za kuchuna zilipokuja na sisi wachunaji tukaambiwa turudi makwetu. Ningeweza kusema, huyu mtu alirudisha hata washa moja ya boliti iliyobaki. Nilitazama chini. Mimi niliishia darasa la sita, lakini msamiati niliujua, na mwalimu alituandikia ubaoni kwamba pato ni kile mtu anachopata. Nililisoma neno lako kama mwanafunzi yule. Likaingia moja kwa moja.

Na lilipoingia lilikuta mahali pa kukaa. Hilo ndilo linaloniuma.

Kwa sababu siku ile ya mwezi wa nne ulinituma Merigi. Unakumbuka? Tulikuwa tumeshafungua gari la Momanyi, cheni ya zamani imetoka, umeishika kwa ncha mbili nikaona inavyojipinda upande kama nyoka aliyekufa, ukaniambia, "Hii imechoka, imerefuka, ona." Halafu ghafla ukasema niende Merigi nikalete kava ya giaboksi kwa mtu anayeuza vyuma chakavu. Merigi ni mbali. Nikasema twende kesho, tumalize hii kwanza. Ukasema, "Nenda, weri." Mimi nina miaka arobaini na moja na bado unaniita kijana.

Niliporudi saa kumi pikapu haikuwepo. Umefunga peke yako na Momanyi ameshaondoka. Na ulikuwa na shati safi. Lile la samawati la kanisani. Nilikuuliza kama ulimaliza salama, ukasema mvua imekuja vizuri, majani ni mengi, mwenye gari hawezi kungoja yakichachukia kwenye gunia. Ukaenda zako bila kunitazama.

Sasa fikiria mtu anayekumbuka hayo huku neno pato liko mbele ya macho yake. Kwa nini Merigi? Kwa nini siku hiyo? Fundi aliyefunga injini anapata wapi shati safi saa kumi? Kila kitu kilikaa mahali pake, kama gia na doti zake. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo. Ulisema msikilize gari kwanza, mwenyewe baadaye, maana gari halina sababu ya kukuongopea. Nilikusikiliza wewe kama gari, na nikasikia kelele.

Na nilimshuku Wesley pia, usidhani ulikuwa peke yako. Anapokea simu nyuma ya ukuta. Soketi yako ya spana, ile ya kumi na nne, ilipotea ungali hai, siku aliyovaa jaketi yenye mifuko. Nilimshuku hata Momanyi. Na wao walinishuku mimi, maana nani huosha vipuri? Ni Vihiga. Nani analala chumba cha nyuma ya gereji? Ni Vihiga. Tulikuwa watu watatu tunaofanya kazi huku kila mmoja anatazama mikono ya mwenzake.

Momanyi akaenda kusema. Alisema Chepilat sokoni, alisema kwenye vituo vya majani, alisema hapa Roret penye mashine ya kusaga. Yule mwalimu mwenye gari dogo la kijani akaja kulichukua kabla hatujaligusa. Mtu mwingine alileta lori lake, lakini alisimama karibu na injini siku nzima akihesabu kila boliti ninayoitoa, kama anayelinda mahindi na nyani. Na kwenye kikundi cha akina mama, mwanamke mmoja alimuuliza mke wako, mbele ya wengine, kama gereji ya mume wake ilijengwa kwa vipuri vya watu. Mama Chebet aliinuka akaenda nyumbani kukamua. Mimi niliyasikia hayo kwa Wesley. Yeye mwenyewe hakuniambia, aliendelea kunimiminia chai tu.

Sasa sikia ilivyokuwa Alhamisi ya wiki ya tatu. Nilipanda kwako asubuhi kama kawaida, mikono imekufa kwa baridi, kwa maana mvua ya mawe ilikuwa imenyesha jana yake na kutoboa majani chai yote ya ukingo ule. Nikabisha hodi jikoni. Akasema kutoka ndani, bila kugeuka:

"Vihiga, chai pato. Kaa kidogo."

Nikakaa. Halafu nikasimama.

"Umesema nini, Mama Chebet?"

"Chai. Chai pato. Una njaa namna gani leo?"

Miaka miwili. Miaka miwili nilikusikia ukisema, "Hiyo nati pato, kaza." "Mvua pato, maliza." "Weri, umepika? Pato?" Na sikuwahi hata siku moja kulisikia neno hilo. Mdomo wako ukisema pato, masikio yangu yalikuwa yameshageuza kabla halijanifikia, na mimi nasikia "bado". Masikio yalikuzoea. Macho ndiyo hayakukujua, kwa sababu macho hayakuwahi kukusoma maneno, namba tu. Uliandika vile unavyosema, na sisi tukakusoma vile tulivyofundishwa.

Nilishuka mbio mpaka gereji. Kava ilikuwa kwenye meza. Bado tenshena na gaidi. Nilisoma mara nne. Bado. Hujabadilisha, utabadilisha, atakayefungua ajue. Na nikakumbuka kwamba Wesley alisahihisha gaiti kuwa gaidi bila hata kufikiri, na Momanyi akakubali, na mimi nikakubali. Neno lililo mwisho tulilinyoosha. La kwanza tukaliacha limepinda, kwa sababu lilitufaa likiwa hivyo.

Ningependa kukuambia kwamba hapo shaka iliisha. Haikuisha. Nilikaa kwenye tairi nikafikiri: sawa, bado. Lakini vipya viko wapi? Hata mwizi anaweza kuandika bado.

Kulikuwa na mahali pamoja tu ambapo hatukutazama. Sanduku lako la chuma. Tulipokuzika, ndugu zako walisema halifunguliwi mpaka ukoo ukae, na ufunguo akachukua Mama Chebet, anaufunga kwenye pindo la kitambaa. Tangu hapo tunafanya kazi kwa spana za kuazima. Nikarudi kwake, chai ikiwa imeshapoa, nikamweleza habari ya neno. Alisikiliza amesimama. Nilipofika penye pato alitikisa kichwa.

"Momanyi akisema rori," akasema, "kuna mtu anamuuliza rori ni kitu gani?"

"Hakuna, Mama."

"Tunajua ni lori. Tunanyamaza. Ni heshima."

Nikamwambia habari ya sanduku. Nikamwambia, kwa sauti ya chini ingawa hapakuwa na mtu, kwamba tulifungue sisi wawili kwanza. Tutazame tu. Kama vipuri vimo, tunawaita watu.

"Na kama havimo?"

Nikazungusha kikombe mkononi.

"Kama havimo tunafunga na tunanyamaza, siyo? Halafu mimi nibaki nikijua." Alinigeukia. "Wewe unamshuku."

Sikukataa. Singeweza, Fundi, yeye ananisoma kama wewe ulivyoisoma injini.

"Mimi nimelala na yeye miaka ishirini na sita," akasema. "Wewe umelala karibu na magari. Nenda umwite Momanyi. Mwite Wesley na wale wazee wawili wa ukoo. Na umwite yule mama wa kikundi. Kama ni mwizi, waone wote siku moja, niache kuulizwa kila siku."

Nilimsihi. Nikasema mama, jina likiharibika hapo halitengenezwi tena, gereji itafungwa, na watoto watasemwa shuleni. Akasema niende. Nikaenda.

Wakaja Jumamosi asubuhi. Wazee walikaa kwenye benchi, Momanyi alisimama, yule mama wa kikundi alikuja na mwingine wa kumsaidia kuona. Mzee mmoja aliomba. Maombi yalikuwa marefu, na mimi wakati wote nilikuwa natazama ule ufunguo ukitoka kwenye pindo la kitambaa, na nilitamani kufuli iwe imeshika kutu. Haikuwa imeshika. Ulikuwa umeipaka grisi.

Juu kulikuwa na soketi zako. Ya kumi na nne ilikuwamo, Wesley aniwie radhi. Chini ya soketi kulikuwa na mfuko wa nailoni umefungwa kwa waya. Mama Chebet aliutoa yeye mwenyewe akauweka mezani. Tenshena mpya, pini yake bado imo. Gaidi mbili, nyeupe, hazijaguswa na oili. Na kipande cha kadibodi kilichoandikwa kwa kalamu ya kuwekea alama:

SI YAKE. MWAMPIE MOMANYI.

Momanyi alikisoma kwa sauti. "Si yake. Mwambie Momanyi." Hakujikwaa hata kidogo. Halafu alikisoma tena bila sauti, na nikaona kwamba sasa amesikia alivyosoma.

Mzee akauliza si yake maana yake nini. Hapo nilifanya kazi uliyonifundisha. Nilichukua ile tenshena mpya nikaipeleka kwenye injini, ilikuwa bado wazi, nikaishikilia mahali pake mbele yao wote. Tundu moja la boliti likakubali. La pili likakataa, liko upande nusu kidole. Na kile kitundu cha kupitishia oili, kinachoipa tenshena nguvu, kilikuwa kimefunikwa na chuma. Hata ungeilazimisha, cheni ingekatika kabla ya kufika Litein. Boksi lilikuwa la injini nyingine inayofanana. Cheni na gia zinaingiliana, tenshena na gaidi haziingiliani.

"Dukani waliniambia ni sawa," Momanyi akasema.

"Nawe hukumuuliza fundi," Mama Chebet akasema. Basi.

Yule mama wa kikundi alikuwa ameanza kufunga leso yake vizuri ili aondoke. Mama Chebet akamwambia akae, chai iko. Akakaa. Nilimwona akinywa kama mtu anayekunywa dawa.

Lakini sijamaliza, na hapa ndipo nina hasira na wewe.

Chini kabisa ya sanduku, chini ya feeler geji ya kupimia valvu na kile kitabu chako cha nyimbo, kulikuwa na kadi ya hospitali. Mama Chebet aliitoa akidhani ni karatasi ya vipuri. Alisoma mbele yetu. Kliniki ya moyo. Siku ya kwanza iliyoandikwa ni ile ile, siku ya Merigi, mwezi wa nne. Baada yake siku nyingine tatu zimepigwa muhuri, na moja ya mwezi wa saba haina muhuri, kwa sababu kufikia siku hiyo ulikuwa umeshakufa.

Hakulia. Aliikunja mara mbili akaitia kifuani. Akasema, "Kumbe." Halafu akamuuliza mzee kama ameongezewa chai.

Sisi wote tulidhani ulianguka tu. Uliinama kuchukua jeki, ukaanguka, tukasema ni Mungu. Kumbe miezi mitatu ulikuwa unajua. Lile shati la samawati ulilivalia daktari. Ulinituma Merigi nisikuone ukiondoka, ukafunga gari la Momanyi nusu nusu kwa haraka ili uwahi foleni, ukaandika bado ukijua utarudia. Kwa hiyo nilikuwa sawa, Fundi. Masikio yangu yalisikia kweli. Ulikuwa unaficha kitu. Nilikosea tu kitu chenyewe.

Ungeniambia. Ningekusindikiza. Ningekaa kwenye foleni badala yako, mimi nimezoea foleni, nimesimama foleni za kupima majani miaka kumi na miwili, mgongo huu ndio unaojua. Na hiyo kava ya giaboksi hatukuihitaji. Bado iko nyuma ya choo, kuku wanalalia.

Na ile kadibodi, sijui ulimwandikia nani. Mwambie Momanyi. Wesley anasema ni yeye. Mimi nafikiri ni mimi, na nafikiri hukupata siku nzuri ya kunipa. Ama ulisahau. Mtu anayekwenda kliniki ya moyo kwa siri anaweza kusahau tenshena ya mtu.

Momanyi alileta vipuri vingine baada ya siku nne, na safari hii alikuwa amekwenda dukani na ile tenshena kuukuu mfukoni ili alinganishe. Nilifanya kazi yote mimi, Wesley akishika taa. Nilifungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, nikatoa vipande vyote vya plastiki kwenye chujio la oili, vilikuwa karibu kuliziba. Nikaweka doti ya gia ya chini na pete yake ya rangi, doti za juu na pete zake, gaidi, tenshena, boliti zote mbili zikaingia kwa vidole bila kulazimishwa. Wesley akataka nivute pini haraka. Nikamwambia pato. Nilisema hivyo kabisa, sijui limetoka wapi. Alinitazama, akacheka, halafu akageukia ukuta kwa muda, na mimi nikajifanya natafuta silikoni ya kubandikia kava.

Nilivuta pini, tenshena ikasukuma, cheni ikakaza. Nikazungusha injini kwa mkono, mizunguko miwili kamili, doti zikarudi mahali pake. Asubuhi yake ikiwa baridi kabisa, Momanyi mwenyewe akawasha. Nilisimama na bisibisi sikioni nikingoja ile kra-kra. Sikusikia kitu ila injini ikipumua.

Alisema atakwenda kusema kila mahali aliposema mara ya kwanza. Chepilat, vituoni, penye mashine ya kusaga. Wesley anasema amefanya hivyo. Mimi nilimtuma mtu akae karibu asikilize, na ni kweli, alisema, ingawa penye mashine ya kusaga alisema kwa sauti ndogo na injini ya kusagia ikiwa inanguruma. Nitamwambia arudie. Yule mwalimu wa gari la kijani amerudi. Mwenye lori bado anahesabu boliti.

Wazee waliamua vyombo vyako vitumike gereji, visioze. Ufunguo Mama Chebet amenipa mimi. Wesley hakusema neno, na mtu asiyesema neno mimi namwangalia. Lakini soketi ya kumi na nne nimemwomba radhi kwa ajili yake, akasema hata yeye alidhani ni mimi.

Sasa nakuahidi mawili, na yote mawili ni ya mdomo, kwa sababu kazi ya mikono uliniachia tayari. La kwanza, gari likitoka kwangu na kitu hakijakamilika, nitamwambia mwenyewe uso kwa uso kabla hajashika usukani. La pili, mtu akilitaja jina lako vibaya mbele yangu, nitasema kwanza ndipo nifikiri. Siku ile nilifanya kinyume, na mke wako alibeba wiki tatu ambazo zilikuwa zangu.

Ninakwenda nyumbani. Mama yangu amezeeka, na watoto wameanza kuniita yule baba wa simu. Naondoka Roret Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi na mbili, ufunguo nitamwachia Mama Chebet, na kabla ya kuondoka nitapanda kwako nipalilie pale ulipolala, magugu yanaingia kutoka upande wa majani chai. Nitarudi Jumatatu ya pili ya mwaka mpya. Nikichelewa siku moja au mbili usianze kunifikiria vile nilivyokufikiria. Ni mama tu, hawezi kumwachia mtu aondoke siku aliyopanga.

Saisere, Fundi.

Mimi,
Vihiga